Sura ya Sita: Mwenye Mashine na Mwenye Sauti

Muziki wa Unguja umerekodiwa kwa karibu miaka mia moja, na katika muda wote huo walioamua nini kirekodiwe na nini kiachwe wamekuwa, kwa sehemu kubwa, watu waliokuja na mashine kutoka nje ya kisiwa. Hali hiyo haikuanzishwa na lebo huru zinazojadiliwa katika sura hii, na ni haki kusema mapema kwamba bila ya lebo hizo mengi yaliyopigwa katika vilabu vya taarabu vya Mji Mkongwe na katika harusi za Ng'ambo yangebaki katika kumbukumbu za wazee na katika kanda zilizoota ukungu. Hata hivyo uamuzi wa lebo huonekana mdogo siku unapofanywa, ukaja kuwa mkubwa baadaye, kwa kuwa santuri iliyotolewa London au Paris ndiyo inayomfundisha msikilizaji wa mbali, na mara nyingine hata mjukuu wa mwimbaji mwenyewe, kwamba muziki wa Zanzibar ni huu na si ule.

Lebo, kwa maana inayotumika hapa, ni kampuni au kikundi cha watu kinachomchagua mwanamuziki, kikagharimia kumrekodi, kikatengeneza nakala za kazi yake na kuzisambaza, na ambacho kwa kawaida hubaki na masta, yaani rekodi ya asili inayozaa nakala nyingine zote. Lebo huitwa huru pale isipokuwa mali ya mojawapo ya makampuni matatu makubwa yanayotawala biashara ya muziki duniani, ambayo ni Universal, Sony na Warner. Uhuru huo una gharama zake, kwa sababu lebo ya namna hiyo huendeshwa na watu wachache, mara nyingi wawili au watatu, huchapisha nakala kwa mamia au maelfu machache tu, na santuri moja isiyouzwa yaweza kuizamisha. Una pia neema yake: mwenye lebo anaweza kuchagua kwa sikio lake bila kusubiri idhini ya wahasibu, na ndiyo maana karibu kila kitu kilichorekodiwa Unguja kwa ajili ya soko la nje tangu miaka ya 1980 kimepitia mikononi mwa lebo za aina hii.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa kirefu ni wa lebo ya On the Corner ya London, iliyoasisiwa na Pete Buckenham, ambayo imejijengea jina kwa kukutanisha ngoma na nyimbo za jadi za mataifa mbalimbali, jazi, na muziki wa kielektroniki. Mwaka 2020 lebo hiyo ilitoa albamu iitwayo Siti of Unguja, ambayo mwimbaji wake, Siti Muharam, ni kitukuu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa kwanza mwenye umaarufu mkubwa aliyerekodi taarabu kwa Kiswahili. Utayarishaji ulifanywa na Sam Jones, na uongozi wa muziki ulikuwa wa Mohamed Issa Matona, mpiga fidla, mwimbaji na mwalimu aliyefundisha kwa muda mrefu katika DCMA, chuo cha muziki kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyimbo zilichukuliwa kutoka katika hazina ya bibi mwenyewe, ukiwamo ule wa Kijiti, unaosimulia mauaji ya mwanamke aliyekuja Unguja kutembea na jinsi haki ilivyokosekana baada ya muuaji kutoroka.

Albamu hiyo imeelezwa kuwa ya majaribio, na istilahi hiyo inahitaji ufafanuzi. Muziki wa majaribio ni ule ambao mtunzi au mtayarishaji wake hakubali kuwa umbo la wimbo limekwisha kuamuliwa kabla ya kuanza kazi, na hivyo huweza kuuchukulia mvumo, ukimya, kelele ya barabarani au mwangwi wa chumba kuwa ni malighafi yenye hadhi sawa na udi au ngoma. Katika albamu ya Siti Muharam jambo hilo halikufanywa kwa kishindo. Msikilizaji anayetarajia okestra kamili ya taarabu, yenye safu ya fidla zinazoitikia pamoja kila ubeti unapokwisha, hukuta kwamba safu hiyo haipo. Zimebaki ala chache, nyuma yake imetanda mivumo ya chini ya besi na klarineti nzito, na sauti ya mwimbaji imeachiwa nafasi ya kutosha hata pumzi anayoivuta kabla ya mstari inasikika.

Wapo wapenzi wa taarabu ambao wangeuona upungufu huo wa fidla kuwa ni kuvunja mila, na hoja yao haifai kupuuzwa, maana okestra kubwa ndiyo sura ya taarabu ambayo vizazi vitatu vya Wazanzibari vimeijua harusini, redioni na katika sikukuu. Historia lakini haiko upande wao moja kwa moja. Okestra ya fidla nyingi ilishika nguvu katika vilabu vya Zanzibar kwa kuiga okestra za Misri zilizosikika katika filamu na redio kuelekea katikati ya karne iliyopita, wakati Siti binti Saad alikuwa amekwisha kufanya kazi yake kubwa akiwa na kundi dogo la wapigaji wa kiume, miongoni mwao Subeit Ambar, Budda Swedi, Mbaruku na Maalim Shaaban. Watayarishaji wa mwaka 2020 waliopunguza ala walikuwa wanajaribu kitu kipya, lakini kwa kupunguza walijikuta wamelikaribia kundi la Siti binti Saad la mwaka 1928 kuliko ambavyo klabu nyingi zenye sifa ya kuhifadhi mila zimewahi kulikaribia. Kwa maoni ya mwandishi wa sura hii, hilo ndilo lililoifanya albamu ifaulu, na wala si mivumo ya kielektroniki ambayo wahakiki wa Ulaya waliipenda zaidi.

Kundi hilo la mwaka 1928 nalo lilikuwa limepita katika mikono ya lebo, tena kubwa. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika familia ya wafinyanzi na kuhamia mjini mwaka 1911, alipelekwa Bombay pamoja na wenzake mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya Gramophone Company, iliyouza santuri zake kwa nembo ya His Master's Voice, na muda si mrefu makampuni ya Columbia na Odeon nayo yakaingia katika soko la Afrika Mashariki. Santuri za wakati huo zilitengenezwa kwa utomvu mgumu wa wadudu uitwao shelaki, zikazunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja haukubeba zaidi ya dakika tatu au zaidi kidogo. Taarabu, ambayo barazani ingeweza kuanza kwa taksimu, yaani upigaji huria wa ala moja inayotafuta makamu (mfumo wa sauti) ya wimbo, kisha ikaendelea kwa beti nyingi na kurudiwa kadiri watunzaji walivyotaka, ililazimika kukatwa. Ubeti gani ubaki na upi uachwe lilikuwa ni swali lililoletwa na sahani yenyewe. Kwa hiyo anayedhani kwamba rekodi za kale ni taarabu safi ambayo haijaguswa, na rekodi za leo ni taarabu iliyochezewa, anasahau kwamba mkono wa mwenye mashine ulikuwapo tangu siku ya kwanza.

Tofauti kubwa ilikuwa kwa walengwa. Santuri za Bombay ziliuzwa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, kwa wasikilizaji waliokijua Kiswahili na waliowajua watu walioimbwa, na hata asiyekuwa na uwezo wa kununua gramafoni aliweza kuzisikia mkahawani kwa bei ya kikombe cha kahawa. Kampuni ilikuwa ya kigeni na faida ilikwenda ugenini, lakini soko lilikuwa la nyumbani, na soko la nyumbani lina namna yake ya kumsahihisha mwenye lebo: wimbo usiowagusa watu haununuliwi. Kuanzia miaka ya 1960 kazi hiyo ya kulihudumia soko la nyumbani ilifanywa kwa ufanisi zaidi Mombasa kuliko Unguja; huko Mombasa lebo ya Mzuri ya duka la Assanand ilitoa santuri ndogo za taarabu kwa ajili ya pwani nzima, wakati Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, vilabu viliwekwa chini ya uangalizi wa serikali na chama, na rekodi nyingi zilifanywa na redio kwa ajili ya kurushwa hewani tu.

Zamu ya lebo huru za Ulaya ilifika katika miaka ya 1980. Juni 1987 wamiliki wa lebo ndogo, waandishi na watangazaji kadhaa walikutana katika baa ya Empress of Russia, mtaa wa Islington huko London, wakiwa na tatizo la kidukani kabisa: muuza duka hakujua santuri za Mali, Bulgaria, Pakistani au Zanzibar aziweke kwenye rafu gani. Walikubaliana kutumia jina moja, muziki wa dunia, na kuchanga fedha za kulitangaza. Mengi yameandikwa kuilaumu kauli hiyo kwamba inaweka Ulaya na Marekani upande mmoja na walimwengu wengine wote upande wa pili, na lawama hiyo ni ya kweli. Lakini ni vizuri pia kukumbuka kwamba waliokaa mezani walikuwa wachuuzi wenye mitaji midogo waliotafuta rafu, na rafu waliipata. (Kwa mtu wa Unguja anayeitwa kwenye muziki wa harusi, taarifa kwamba anakwenda kusikiliza muziki wa dunia ingekuwa jambo la kuchekesha.)

Miongoni mwa lebo zilizowakilishwa katika mkutano ule ilikuwa GlobeStyle, tawi la kampuni ya Ace Records, iliyoendeshwa na Ben Mandelson na Roger Armstrong. Mwaka uliofuata, 1988, watu wa GlobeStyle walirekodi Unguja, na matokeo yake yakawa mfululizo wa rekodi nne za taarabu zilizowaweka pamoja wapigaji binafsi kama Seif Salim na Abdullah Mussa Ahmed, klabu ya Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club iliyoanzishwa mwaka 1958. Kazi hiyo ilikuwa ya uaminifu wa kuvutia. Hakuna ngoma ya kielektroniki iliyoongezwa, nyimbo hazikufupishwa ili ziingie redioni, na maelezo yaliyoambatana na santuri yalitaja washairi, watunzi na makamu. Lebo ilijiweka mbali kadiri ilivyowezekana, na katika miaka ile, ambapo watayarishaji wengi walikuwa wakimimina kinanda cha umeme juu ya kila kitu kilichotoka Afrika, huko kujizuia kulikuwa ni msimamo wenye ujasiri.

Mwendelezo wa msimamo huo umeonekana katika mfululizo wa Zanzibara wa lebo ya Buda Musique ya Paris, unaohaririwa na mtafiti wa Kijerumani Werner Graebner, ambao toleo lake la kwanza mwaka 2005 liliadhimisha miaka mia moja ya Ikhwani Safaa, na matoleo yaliyofuata yakagusa miaka ya dhahabu ya taarabu ya Mombasa, muziki wa dansi wa Tanzania Bara, na Bi Kidude. Huyu wa mwisho, Fatuma binti Baraka kwa jina lake, alifahamika Unguja kwa ngoma zake za unyago na kwa sauti yake nzito miaka mingi kabla ya kupewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na kabla ya kufariki Aprili 2013, na si siri kwamba heshima aliyopewa ugenini ndiyo iliyowafumbua macho baadhi ya wenyeji waliokuwa wakimwona kama ajuza mwenye vituko.

Hata hivyo, taarabu ya vilabu ni muziki unaokubali kurekodiwa. Wapigaji hukaa safu, husoma nota au hukariri, hurudia wimbo ule ule kwa namna ile ile, na kila ala ina nafasi yake. Uwezo wa lebo hupimwa vizuri zaidi na kidumbaki, ndugu wa taarabu anayepigwa harusini kwa watu wasio na uwezo wa kuita klabu nzima, na ambaye kwa muda mrefu hakuhesabiwa kuwa ni muziki wa kuwekwa kwenye santuri. Kundi la kidumbaki lina fidla moja, ngoma mbili ndogo ambazo ndizo vidumbaki vyenyewe, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti vinavyogongwa, na sanduku. Sanduku ni kasha la mbao nyepesi la kubebea chai, lililopinduliwa kifudifudi, likatobolewa na kupitishwa uzi mmoja ambao ncha yake ya pili imefungwa juu ya fimbo. Mpigaji hulikanyaga kwa mguu mmoja lisinyanyuke, huivuta fimbo ili kuukaza uzi au huilegeza ili kuulegeza, na kwa mkono wa pili huudonoa, na kwa mvutano huo wa bega na kifundo cha mkono hutoka besi nzima ya bendi. Hakuna alama yoyote kwenye fimbo inayomwonyesha sauti iko wapi. Anaitafuta kwa sikio na kuipata katikati ya vishindo vya wachezaji.

Fundi wa kurekodi anayekutana na ala hiyo kwa mara ya kwanza huwa na mambo mawili ya kuamua. Akiiweka mikrofoni karibu na tundu la kasha atapata mvumo mnene lakini atapoteza mchakacho wa mbao, na akiiweka mbali ataupata mchakacho pamoja na kila kitu kingine kilichomo uani, zikiwamo kelele za watoto na vigelegele. Studio safi humpa sauti safi, lakini kidumbaki bila ya wanawake wanaoitikia na kucheza hupwaya upesi, kwa sababu beti hufuata beti kulingana na joto la wachezaji, na mwimbaji huunganisha nyimbo tano au sita bila kusimama. Lebo ya Dizim ya Ujerumani ilijaribu bahati yake mwaka 1997 kwa kutoa rekodi ya kundi la Kidumbak Kalcha, lililokuwa na mwimbaji na mpiga fidla mashuhuri Makame Faki, na ikaipa jina la Ng'ambo, yaani upande ule wa mji ambao wageni wanaokaa hoteli za Mji Mkongwe huufika kwa nadra. Rekodi hiyo haijawahi kusifiwa kama zile za okestra, lakini kama swali ni lebo gani iliyothubutu kutoka nje ya kuta za vilabu, jina la Dizim halina budi kutajwa.

Katika Afrika Mashariki yenyewe mfano wa karibu wa lebo ya majaribio ni Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Arlen Dilsizian na Derek Debru, ambayo mwaka 2017 ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso uliowatambulisha duniani vijana wa singeli kutoka studio ya Sisso iliyoko Mburahati, Dar es Salaam. Singeli ni muziki wa vigodoro, yaani sherehe za mtaani za usiku kucha, unaokwenda kwa kasi ya mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, na vipande vingi vya mwanzo vilivyozungushwa na maDJ wake vilikuwa ni vinanda vya mchiriku na vya taarabu ya kisasa vilivyoongezwa kasi. Bamba Pana, Jay Mitta na Duke walipata kualikwa Ulaya kutokana na lebo hiyo. Waasisi wake si wazaliwa wa Uganda, na hoja ya mwenye mashine haiondoki hapo. Lakini studio yao iko Kampala, wanamuziki huingia na kutoka humo, na msanii wa Dar es Salaam anayetaka kudai kitu hupanda basi. Umbali kati ya mwanamuziki na masta yake umefupishwa, jambo ambalo hakuna lebo ya Ulaya iliyowahi kulifanya.

Rekodi zote za Unguja zilizotajwa hadi hapa zilitoka mjini au kwa wanamuziki wa mjini, na jambo hilo linafaa kupimwa kwa kuuangalia mji mdogo wa Mkokotoni, ulioko kiasi cha kilomita 40 kaskazini. Mkokotoni ni makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja, una ofisi za serikali, soko la samaki na bandari ndogo ambako mashua na boti huvuka kwenda na kurudi kisiwa cha Tumbatu, zikibeba abiria, magunia ya unga, mbao na baiskeli. Mji huu haujawahi kuwa pembezoni mwa dunia, kwani wataalamu wa mambo ya kale wamekuta hapo shanga za kioo kwa wingi mkubwa, zilizoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya kuwapo kwa Mji Mkongwe tunaoujua. Muziki haukosekani kaskazini: zipo ngoma za unyago, zipo zikiri, zipo harusi zenye beni na kidumbaki, na yapo maulidi ya homu, ambamo wanaume hupiga magoti mstari mmoja na kuyumba kwa pamoja huku wakiitikia dufu na sauti ya kiongozi.

Sababu ya lebo kutofika huko si kutojali peke yake. Lebo hufuata taasisi, kwa kuwa mkataba unahitaji mtu wa kuusaini, na klabu yenye katibu, mweka hazina na muhuri ni rahisi zaidi kushughulika nayo kuliko kundi linalokusanyika kwa harusi ya Ijumaa na kutawanyika Jumapili, wapigaji wake wakarudi baharini na mashambani. Lebo hufuata pia jukwaa, na tangu tamasha la Sauti za Busara lilipofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004, Ngome Kongwe ndipo mahali ambapo wenye lebo, maprodyuza na waandishi wa nje hukutana na muziki wa Zanzibar kwa siku tatu au nne za Februari. Kundi lisilofika Ngome Kongwe huwa ni kama halipo. Kuna pia suala la ibada. Maulidi na zikiri si burudani, na wenye nazo wana haki kamili ya kukataa zisiwekwe kwenye santuri ya kuchezwa kwenye klabu ya usiku ya Berlin, hata kama mtayarishaji wa majaribio ameusikia mvumo wake na kuupenda. Lebo yenye adabu huuliza na kukubali jibu la hapana.

Linabaki suala la fedha, ambalo waandishi wengi wa muziki hulikwepa kana kwamba linachafua sanaa. Mikataba ya lebo huru kwa kawaida huwa ya aina mbili. Ya kwanza ni ya malipo ya mara moja, ambapo mwanamuziki hulipwa kwa siku alizorekodi na kuondoka, na chochote kitakachopatikana baadaye si chake; ya pili ni ya kugawana, ambapo lebo hurejesha kwanza gharama zake na kinachobaki hugawanywa, mara nyingi nusu kwa nusu. Aina ya pili inasikika kuwa ya haki zaidi, na kwa kweli ni ya haki zaidi, ila ina mtego wake: gharama ni zile zinazoandikwa na lebo, na mpiga udi wa Unguja hana njia ya kujua kama nauli ya ndege ya mpiga picha imeingizwa humo. Santuri iliyotolewa kwa nakala 500 au 1,000 ikauzwa yote yaweza isilete senti kwa aliyepiga, na hilo likatokea bila ya mtu yeyote kuiba. Siku hizi, ambapo wengi husikiliza kwenye majukwaa ya mtandaoni yanayolipa sehemu ndogo sana ya senti ya dola kwa kila wimbo unaochezwa, mtego huo umekuwa mpana zaidi.

Taarabu inaongeza ugumu wa pekee. Wimbo mmoja huwa na mshairi, mtunzi wa muziki, mwimbaji, na klabu inayoumiliki kwa desturi, na desturi hiyo ya umiliki wa pamoja, iliyowasaidia wanachama kwa miongo mingi, haifanani na fomu za mirabaha zinazotaka jina la mtu mmoja. Mrabaha ni malipo anayostahili mwenye haki kila kazi yake inapotumika. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na chombo chake cha kusimamia haki hizo, tofauti na kile cha Tanzania Bara, lakini sheria humlinda aliyeandikwa, na nyimbo nyingi za zamani zimeingia kwenye santuri za nje zikiwa na maelezo kwamba ni za jadi, ilhali wazee wa klabu waliweza kumtaja mshairi wake, mtaa wake na mtu aliyemkusudia. Wimbo ukishaandikwa kuwa ni wa jadi, fedha za mtunzi hazina pa kwenda.

Lebo za majaribio zina wajibu mkubwa zaidi katika jambo hili kuliko zile zilizojitenga kama GlobeStyle, kwa sababu mtayarishaji anayeongeza mivumo na kubadili mpangilio huweza kudai kuwa naye ni mtunzi, na sheria za nchi nyingi zitamkubalia. Wimbo wa mshairi wa Unguja hugeuka kuwa wa watu watatu, wawili kati yao wakiwa London. Si lazima liwe jambo baya, iwapo wa tatu ameelewa na ameridhia kabla ya kurekodi, na albamu iliyomweka mtu kama Matona katika uongozi wa muziki ilikuwa na angalau mtu mmoja ndani ya chumba aliyejua kila ubeti ulikotoka. Lebo inayokuja Unguja bila ya mtu kama huyo inafanya majaribio juu ya watu wengine, na haistahili sifa ya ujasiri.

Vilabu na vikundi vya kisiwani, vya mjini na vya Mkokotoni kwa pamoja, vina mambo machache vinavyoweza kudai leo bila ya kusubiri sheria mpya: mkataba uandikwe kwa Kiswahili pamoja na lugha ya lebo; jina la mshairi na la kila mpigaji, hata wa sanduku, liwemo katika maelezo ya rekodi; hesabu ya gharama ipelekwe kwa klabu kila mwaka; na nakala kamili ya masta ikabidhiwe Nyaraka za Taifa pale Kilimani siku ile ile mashine zinapofungwa. Lebo isiyoweza kutimiza hayo iachwe irudi na mikrofoni zake.